Dawa za presha na vitamini kwa mwenye kisukari aina ya pili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mfamasia hapa Dodoma. Wanaosimama mbele ya kaunta yangu ni watu wa mjini, na wengine wameshuka basi asubuhi kutoka Kongwa, Bahi, Mpwapwa au Kondoa wakiwa na karatasi ya kliniki mkononi. Maswali ya ukurasa huu ni yao, na nimeyaacha karibu na walivyoyauliza. Nimeyaandika kwa sababu ya jambo moja linaloniuma: mtu ana fedha ya dawa moja tu, anaacha kidonge cha presha kinacholinda figo zake, ananunua kopo la vitamini. Daktari wako ndiye anayejua vipimo vyako, kwa hiyo usibadilishe dozi kwa kusoma hapa. Soma, kisha umuulize.

## Ya msingi

1. Wanaposema "madhara ya kisukari" wanamaanisha nini hasa?

Sukari ikikaa juu miaka mingi, mishipa ya damu inachakaa. Ile midogo ikichakaa, figo zinaanza kuvujisha protini, retina iliyo nyuma ya jicho inavuja damu na maji, na neva za miguu zinaingia ganzi au kuwaka moto. Ile mikubwa ikichakaa, tunazungumzia shambulio la moyo, kiharusi, na mguu unaokosa damu mpaka kidonda kinakataa kupona.

Figo haziumi zinapoharibika. Mtu anatembea, analima, anauza sokoni Majengo, huku figo zimebaki nusu. Ndiyo maana mwenye kisukari aina ya pili anapaswa kupimwa protini kwenye mkojo, kreatinini kwenye damu (taka ambayo figo nzima huitoa), macho na miguu tangu siku anayogundulika, kisha kila mwaka. Asisubiri dalili, maana aina hii huwa imeshakaa mwilini muda kabla haijajulikana.

2. Ugonjwa wangu ni sukari. Mbona nimeandikiwa dawa ya presha?

Kwa sababu sukari na presha zikikutana zinaharibu mishipa ile ile, tena kwa kasi zaidi. Kuishusha sukari peke yake ni kuziba tundu moja la ndoo yenye matundu mawili.

Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 1998 ulilionyesha hilo waziwazi. Watu 1,148 wenye kisukari aina ya pili na presha waligawanywa makundi mawili. Kundi moja presha yake ilishushwa hadi wastani wa 144 kwa 82, jingine likabaki kwenye 154 kwa 87. Tofauti ni pointi kumi tu za juu, lakini waliodhibitiwa vizuri walipata kiharusi pungufu kwa asilimia 44, vifo vitokanavyo na kisukari vikapungua kwa asilimia 32, na madhara ya mishipa midogo, yaani macho na figo, kwa asilimia 37. Sijui kitu kingine cha bei nafuu hivi chenye faida kubwa hivi.

Sababu ya pili inahusu aina fulani za dawa za presha ambazo, mbali na kushusha presha, zinazuia figo zisivujishe protini. Hizo nimezieleza swali la 4.

3. Presha yangu inatakiwa iwe ngapi?

Kwa wengi wenye kisukari, chini ya 130 kwa 80. Mzee anayepata kizunguzungu akisimama, au aliyewahi kuanguka, daktari anaweza kumwekea lengo la chini ya 140 kwa 90, na hajakosea.

Namba hiyo ina maana ukipima vizuri. Kaa dakika tano umetulia, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Usiongee. Pima mara mbili. Aliyepanda ngazi mbio au kutembea juani kutoka kituo cha daladala, kisha akapimwa papo hapo, amepimwa ule mwendo.

## Dawa za presha

4. Dawa zipi zinalinda figo, na zipi zinashusha presha tu?

Zinazolinda figo ziko makundi mawili yanayofanana kazi. La kwanza majina yake yanaishia na "prili": kaptoprili, enalaprili, lisinoprili, ramiprili. La pili yanaishia na "sartani": losartani, irbesartani, telmisartani. Kwenye boksi utayakuta bila hiyo "i" ya mwisho.

Kazi yao iko hivi. Ndani ya figo kuna vichujio vidogo sana. Kila kimoja kina mshipa wa kuingiza damu na mshipa wa kuitoa. Kwenye kisukari ule wa kutolea unabanwa, damu inajaa kwenye kichujio kwa nguvu, na protini inasukumwa kwenda kwenye mkojo. Dawa hizi zinaulegeza ule wa kutolea. Msukumo unashuka, uvujaji unapungua, kichujio kinaishi miaka zaidi.

Mwaka 2001 tafiti mbili zilithibitisha hili kwa watu wa kisukari aina ya pili ambao figo zao zilikuwa zimeshaguswa. Moja ilikuwa na watu 1,513: losartani ilipunguza kwa asilimia 28 idadi ya waliofikia figo kufeli kabisa. Nyingine, yenye watu 1,715, ilishindanisha irbesartani na amlodipini. Presha zilishuka karibu sawa, lakini waliomeza irbesartani figo zao zilikaa vizuri zaidi. Namba ya presha ilikuwa ile ile, figo hazikuwa zile zile. Huo utafiti wa pili ndio ninaomsimulia kila anayetaka kubadilisha dawa kwa kuwa "zote si za presha?"

Amlodipini, nifedipini, na dawa za kukojoza kama haidroklorothiazidi ni dawa nzuri za kushusha presha. Mara nyingi zinaongezwa juu ya zile za kwanza. Ukiona losartani yenye herufi H, ujue ndani yake kuna losartani pamoja na haidroklorothiazidi.

5. Mimi na jirani yangu sote tuna sukari na presha. Yeye kapewa amlodipini peke yake, mimi losartani. Nani kakosewa?

Huenda hakuna aliyekosewa. Kama mkojo wa jirani hauna protini, kinachohitajika zaidi kwake ni presha kushuka, na kwa watu weusi amlodipini hushusha vizuri kuliko "prili" ikiwa peke yake. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, uligundua kuwa amlodipini ikichanganywa na dawa nyingine ilishusha presha vizuri kuliko mchanganyiko usio na amlodipini.

Kama mkojo wako una protini, losartani au mwenzake lazima awepo, hata kama itabidi kuongeza amlodipini ndipo presha ikae sawa. Basi swali la kumuuliza daktari ni hili: "Mkojo wangu umepimwa protini?" Kama hujawahi kupimwa, omba. Kumbuka tu kuwa homa, maambukizi ya njia ya mkojo na kazi nzito ya siku hiyo vinaweza kuonyesha protini ya uongo, kwa hiyo jibu baya hurudiwa kabla ya kuaminiwa.

6. Tangu nianze dawa nakohoa kikohozi kikavu, hasa usiku. Ni kifua kikuu?

Kama unameza kaptoprili, enalaprili, lisinoprili au ramiprili, yawezekana kabisa ni dawa. Kikohozi chake ni kikavu, kinakera koo, na hakisikii antibiotiki. Nimeona watu waliomaliza dozi tatu za antibiotiki, mpaka wakapimwa makohozi, kumbe ni kidonge cha presha. Rudi ubadilishiwe upewe "sartani", ambayo hukohoza mara chache sana. Usiache tu ukakaa bila dawa. Hata hivyo, kikohozi cha zaidi ya wiki mbili chenye homa za jioni, jasho la usiku au kupungua uzito kipimwe kifua kikuu, maana mwenye kisukari hukipata kirahisi zaidi.

Kuvimba midomo, ulimi au uso ni jambo jingine. Hutokea mara chache, ingawa kwa watu weusi hutokea zaidi. Likikupata, acha dawa hiyo hapo hapo, nenda hospitali muda huo huo hata kama ni usiku, na usimeze tena dawa ya kundi la "prili" maisha yako yote.

7. Wanasema dawa za presha zinaua figo. Ni kweli?

Hapana. Ila najua uvumi huu unatoka wapi.

Ukianza "prili" au "sartani", kreatinini inaweza kupanda kidogo, kwa sababu ule msukumo ndani ya kichujio umeshushwa makusudi. Kupanda kwa hadi asilimia 30 kunavumilika, na ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Mtu akiona namba imepanda bila kuelezwa, anaamini dawa imemdhuru, anaacha. Kwa hiyo kreatinini na potasiamu (madini yaliyomo kwenye damu) zipimwe kabla ya kuanza, na tena wiki moja hadi nne baadaye. Zikipanda kupita kiasi, daktari anapunguza au anasimamisha, na anatafuta sababu, kama vile mshipa wa figo uliobanwa au dawa za maumivu (swali la 18).

Uvumi una chanzo cha pili. Watu wengi huanza dawa figo zikiwa zimeshaharibika. Mwaka mmoja baadaye wanahitaji kusafishwa damu, na lawama inakiangukia kidonge kilichochelewa kufika.

8. Kama losartani ni nzuri na lisinoprili ni nzuri, nikimeza zote mbili?

Usifanye hivyo. Tafiti mbili kubwa zimejaribu kuunganisha makundi haya. Matokeo ya moja yalitolewa mwaka 2008, nyingine ya watu wenye kisukari ikasimamishwa mapema mwaka 2012. Figo ziliumia ghafla na potasiamu ikapanda hatari. Chagua moja. Nalisema hili kwa sababu hutokea bila kukusudia: mtu anaandikiwa dawa kituo hiki, mwezi ujao anaandikiwa nyingine kituo kingine, anaendelea na zote. Unapokuja, beba vidonge vyako vyote kwenye mfuko.

9. Nimeze asubuhi au usiku?

Wakati utakaoukumbuka. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2022, wenye watu zaidi ya 21,000, haukuona tofauti. Dawa ya kukojoza meza asubuhi, usije ukakesha chooni.

10. Dawa za presha zinamaliza nguvu za kiume?

Wanaume huniuliza hili kwa sauti ya chini, watu wengine wakishatoka. Kisukari chenyewe, kwa kuharibu neva na mishipa, ndicho chanzo kikubwa. Baadhi ya dawa za kukojoza na zile za zamani za kundi la atenololi zinaweza kuchangia. "Prili" na "sartani" kwa kawaida hazihusiki. Mwambie daktari, dawa inaweza kubadilishwa, na tatizo lenyewe lina tiba. Kuacha kimya kimya ndiko kunakoleta kiharusi.

## Vitamini

11. Kuna vitamini inayotibu madhara ya kisukari?

Hakuna vitamini iliyothibitishwa kuzuia figo, macho au moyo visiharibike kwa mtu asiye na upungufu wa vitamini hiyo. Vitamini inajaza pengo. Pasipo na pengo, haina pa kuingia.

Utafiti ninaoupenda kuutolea mfano ulijaribu vitu vyote viwili kwa mpigo. Uliwahusisha watu zaidi ya 9,000, na 3,577 kati yao walikuwa na kisukari. Matokeo yakatoka mwaka 2000. Wapo waliopewa ramiprili, wapo waliopewa vitamini E yuniti 400 kwa siku, na wapo waliopewa vidonge visivyo na dawa. Baada ya miaka minne na nusu hivi, kwa wenye kisukari ramiprili ilikuwa imepunguza jumla ya mashambulio ya moyo, viharusi na vifo vya moyo kwa asilimia 25, na ugonjwa wa figo ulio wazi kwa asilimia 24. Vitamini E haikubadilisha chochote. Watu walikuwa wale wale, muda ule ule.

12. Kwa hiyo hata B12 ni ya bure? Mimi natumia metformini.

Hapana, na hapa ndipo ninapobadilisha sauti. B12 kwa anayetumia metformini, kile kidonge cha sukari, ni jambo la kweli.

Metformini inapunguza ufyonzaji wa B12 sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Katika utafiti mmoja wa Uholanzi, waliotumia metformini miligramu 850 mara tatu kwa siku kwa zaidi ya miaka minne walishuka B12 kwa asilimia 19 wakilinganishwa na wasioitumia. Ini lina akiba ya miaka, ndiyo maana tatizo linajitokeza taratibu. Walio hatarini zaidi ni wenye dozi kubwa, waliotumia miaka minne au mitano na kuendelea, wazee, wanaomeza dawa za asidi ya tumbo kama omeprazoli kila siku, na wasiokula vyakula vya wanyama.

Dalili zake ni ganzi na kuchomachoma miguuni, kuyumba unapotembea gizani, ulimi kuuma na kuwa laini, uchovu, kusahau, na upungufu wa damu. Ganzi ya B12 inafanana na ganzi ya sukari kiasi kwamba kwa macho huwezi kuzitenganisha. Ya B12, ikishikwa mapema, inaweza kurudi nyuma. Ndiyo maana naumia nikimwona mtu ameambiwa "hiyo ni sukari tu, vumilia" bila kupimwa.

Omba kipimo cha B12. Kikiwa chini, tiba ni sindano, au vidonge vya mikrogramu 1,000 kwa siku, ambavyo kwa wengi vinafanya kazi vizuri. Usijitibu kwa foliki asidi peke yake: inaweza kurekebisha damu huku neva zikiendelea kufa. Na usiache metformini kwa sababu hii. Pengo la B12 linajazika.

13. Miguu inawaka moto usiku. Nichome zile sindano nyekundu za vitamini B?

Zile nyekundu zimebeba B12, mara nyingi pamoja na B1 na B6. Kama B12 yako iko chini, zitakusaidia sana. Kama haiko chini, usitegemee makubwa. Ushahidi wake ni dhaifu.

Mchanganyiko huo una tahadhari moja ambayo wengi hawaambiwi. B6 ikizidi kwa muda mrefu inaharibu neva zile zile unazotaka kuziponya. Mwili unahitaji chini ya miligramu 2 za B6 kwa siku. Baadhi ya vidonge hivi vina 100 hadi 200. Nimekutana na watu wanaovimeza mwaka wa tatu, wanaongeza dozi kila ganzi inapozidi. Soma pakiti, na usivigeuze kuwa chakula cha kila siku.

Kwa maumivu yenyewe kuna dawa zilizothibitishwa: amitriptilini kwa dozi ndogo usiku, gabapentini, pregabalini, duloksetini. Amitriptilini ni ya bei nafuu. Ukiambiwa ni "dawa ya wagonjwa wa akili" usishtuke, kwa dozi ndogo inatuliza neva. Mwenye shida ya moyo au tezi dume amwambie daktari kwanza.

14. Vitamini D je?

Jua la Dodoma linatosha wengi. Huko Marekani, watu 1,312 wenye kisukari aina ya pili walifuatiliwa miaka mitano, wengine wakipewa vitamini D yuniti 2,000 kwa siku. Figo za makundi yote mawili zilienda sawa, kama matokeo ya mwaka 2019 yanavyoonyesha. Ukipimwa ukawa na upungufu, jaza. Mwenye figo zilizochoka sana hupewa kwa sababu ya mifupa, na hiyo ni kazi ya daktari wa figo.

15. Vitamini C inashusha sukari?

Usiitegemee. Tena dozi kubwa inaweza kuidanganya baadhi ya mashine za kidole zikasoma sukari ya juu isiyokuwepo, ukajiongezea insulini bure na kuanguka. Kwa mwenye figo dhaifu, vitamini C nyingi hujenga chembe zinazozidi kuziziba.

16. Naona ukungu. Nimeuziwa vitamini za macho.

Vidonge vingi vya macho vimetengenezwa kwa kufuata utafiti wa ugonjwa mwingine, ule wa uzeeni unaoharibu kitovu cha retina. Haviponyi retina iliyoharibiwa na kisukari. Inayosaidia ni sukari na presha kudhibitiwa, kisha mionzi ya leza au sindano za jicho pale inapohitajika. Ukungu unaweza pia kuwa mtoto wa jicho, ambao unatolewa kwa upasuaji. Nenda ukapanuliwe mboni na kuangaliwa retina; kwa walio upande wa Chamwino, Hospitali ya Mvumi ina huduma ya macho ya miaka mingi. Miezi unayosubiri kopo liishe ndiyo miezi retina inavuja.

17. Hata kama hazisaidii, vitamini haziwezi kudhuru, au siyo?

Zinaweza. Kanada walichukua watu 238 wenye kisukari ambao figo zao zilikuwa zimeshaguswa, nusu wakapewa kila siku foliki asidi miligramu 2.5, B6 miligramu 25 na B12 miligramu 1. Matumaini yalikuwa makubwa. Matokeo, mwaka 2010: figo za waliopewa vitamini zilishuka kasi zaidi, na mashambulio ya moyo, viharusi na mengine ya mishipa yakawa kama mara mbili ya wenzao. Figo dhaifu haiwezi kutoa ziada kama figo nzima. Vitamini A nayo hujikusanya mwilini figo zikifeli.

Hili halipingani na swali la 12. Aliyepimwa akakutwa na upungufu wa B12 atibiwe. Kinachokatazwa ni dozi kubwa za kubahatisha.

## Vitu vingine vinavyoingia tumboni

18. Mgongo unauma, nameza diklofenaki. Kuna shida?

Kubwa. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao hubana mshipa unaoingiza damu kwenye figo. Losartani imeshalegeza ule wa kutolea, na dawa ya kukojoza imepunguza maji. Vitatu hivyo vikikutana, figo inaweza kusimama ndani ya siku chache, na presha nayo inapanda. Tumia parasetamoli, na kila unapokwenda duka la dawa sema kwanza: "Nina sukari na presha."

19. Mlenda, chumvi na magadi?

Mlenda ni mboga nzuri, na ukiutia karanga kwa kiasi hakuna ubaya. Angalizo ni magadi. Magadi ni sodiamu, na sodiamu ndiyo ile ile inayopandisha presha kwenye chumvi, kwa hiyo mtu anaweza kujisifu amepunguza chumvi huku magadi yanaingia kila jioni. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, ikiwemo iliyomo kwenye mkate na viungo vya pakiti. Ugali wa uwele au mtama ni chaguo zuri kuliko sembe, lakini bado ni wanga. Ukubwa wa tonge una kazi yake.

Kuhusu B12, mboga za majani hazina. Iko kwenye nyama, maini, mayai, dagaa na maziwa. Nyumba yenye maziwa ya mgando imebahatika.

20. Nimeambiwa niache ndizi kwa sababu ya losartani.

Siyo kila mtu. "Prili" na "sartani" huzuia potasiamu isitoke, kwa hiyo ndizi, parachichi, nyanya nyingi na madafu hupunguzwa na yule ambaye potasiamu yake imepimwa ikawa juu, au figo zake zimeshuka sana. Kila mtu mwenye dawa hizi lakini aepuke chumvi mbadala iliyotengenezwa kwa potasiamu, hata kama inauzwa kama "chumvi ya wagonjwa wa presha". Zabibu zetu za Dodoma ni suala la sukari zaidi: kula chache, usimalize kishada.

21. Mlonge unaweza kuchukua nafasi ya vidonge?

Hauwezi. Majani yake ni lishe, yale kama mboga. Hakuna utafiti mkubwa ulioonyesha kuwa unalinda figo au moyo wa mwenye kisukari.

## Hali za pekee

22. Naharisha na kutapika. Niendelee na dawa?

Maji yakitoka hivyo, simamisha kwa muda "prili" au "sartani", dawa ya kukojoza na metformini, kunywa maji ya chumvi chumvi ya kuongeza maji mwilini, na uende kituo cha afya. Insulini usiiache bila kuambiwa. Ukishakula na kunywa kawaida kwa siku moja au mbili, unarudia dawa zako kama kawaida. Kosa ninaloliona zaidi ni kusahau kurudia: kuhara kwa siku mbili kunageuka miezi sita bila losartani.

23. Nina ujauzito, au natafuta mtoto.

"Prili" na "sartani" zinaharibu figo za mtoto tumboni. Ukijua una mimba, usimeze inayofuata. Nenda kliniki siku hiyo hiyo au kesho yake ubadilishiwe. Methildopa, nifedipini na labetaloli ndizo zinazotumika. Anayepanga mimba aseme mapema, kwa sababu foliki asidi nayo huanzwa kabla, na mwenye kisukari hupewa dozi kubwa kuliko wengine.

24. Ninataka kufunga Ramadhani.

Nenda kliniki wiki kadhaa kabla. Dozi na saa vitapangwa upya kati ya futari na daku, hasa dawa ya kukojoza na za sukari. Mwenye figo zilizoshuka sana, mwenye mimba na anayeangushwa na sukari mara kwa mara hushauriwa asifunge. Kupima sukari kwa tone la kidole ni kwa ajili ya usalama wako. Na sukari ikishuka chini ya 3.9, fungua.

25. Nimesikia kuna dawa mpya za sukari zinazolinda figo.

Zipo: dapagliflozini na empagliflozini. Zinatoa sukari kwa njia ya mkojo, na zimethibitika kulinda figo na moyo zikiongezwa juu ya "prili" au "sartani". Hazichukui nafasi yake. Fangasi sehemu za siri ni kero yake ya kawaida, na nazo husimamishwa katika hali ya swali la 22. Bei ndiyo kikwazo. Uliza kama bima yako inazilipia.

26. Figo zimeshafeli, nasafishwa damu. Nina haja ya hizi dawa tena?

Presha bado inaua kwa moyo na kiharusi, kwa hiyo ndiyo, ila dozi na saa za kumeza hupangwa na wanaokusafisha, kwa kuwa presha inaweza kushuka ukiwa kwenye mashine. Metformini huachwa. Vitamini unazopewa pale ni zile zinazopotea na maji ya kusafishia, usiongeze zako kutoka dukani. Kwa wanaofaa kupandikizwa, Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma imefanya upandikizaji wa figo tangu mwaka 2018, na mazungumzo hayo yanaanza na daktari wako wa figo pamoja na ndugu aliye tayari.

27. Fedha haitoshi. Ninunue kipi kwanza?

Dawa ya sukari na dawa ya presha, kwa dozi kamili, kila siku. Kama losartani imekushinda bei, mwambie mfamasia au daktari waziwazi. Enalaprili au kaptoprili huwa nafuu na zinalinda figo pia, ingawa kaptoprili humezwa mara mbili au tatu kwa siku. Usimeze leo ukaruka kesho ili pakiti ifike mwisho wa mwezi. Baada ya hapo weka fedha ya kipimo cha mkojo na kreatinini mara moja kwa mwaka. B12 inafuata kama una metformini ya miaka na ganzi.

Mwezi uliopita mama mmoja kutoka Bahi aliniwekea noti zake kwenye kaunta, akaniambia, "Mwanangu, nichagulie wewe." Kopo la vitamini lilirudi kwenye rafu. Akaondoka na enalaprili ya miezi miwili, na nauli ikabaki.